Chicago: mji uliopigwa jeki

Kuna kazi ya ujenzi ambayo huku kwetu haina hata jina. Ni kazi ya kuinua zege lililozama na kukausha vyumba vya chini ya nyumba. Huko Marekani, hasa majimbo ya kaskazini, hiyo ni biashara kamili. Kuna mafundi ambao maisha yao yote hawajengi nyumba mpya hata moja. Wanaitwa pale kibaraza kinapoanza kuinama, au njia ya gari inapodidimia, au mwenye nyumba anaposhuka chini asubuhi na kukuta maji yamefika kwenye vifundo vya miguu.

Swali la kwanza ambalo Mbongo atauliza ni hili: kwa nini hao watu wajenge vyumba ardhini kama panya buku, halafu waanze kulalamika maji yanaingia? Jibu ni baridi. Kule udongo unaganda wakati wa baridi, na maji yaliyomo ndani yake yakiganda yanavimba na kuusukuma msingi juu. Kwa hiyo msingi lazima ushuke chini ya kina kinachoganda. Chicago kina hicho kinahesabiwa kuwa inchi 42, yaani zaidi kidogo ya mita moja. Sasa kama umeshachimba shimo la mita moja kuizunguka nyumba nzima, unaongeza mita nyingine na tayari una chumba cha kuweka tanuri, mkaa na viazi. Asiyeweza gharama hiyo anaacha nafasi ndogo ya kutambaa kati ya ardhi na sakafu. Tuite uvungu, maana ni kama uvungu wa kitanda, mtu anaingia kwa tumbo.

Lakini mimi leo sitaki kuongelea mafundi tu. Nataka tuongelee mji mzima uliowahi kuzama kwenye tope, ukaamua kujiinua kwa jeki. Hii si hadithi ya kutunga wadau. Imeandikwa na picha zake zilichorwa.

Chicago ilipewa hadhi ya mji mwaka 1837 ikiwa na watu kama 4,000. Ilipofika 1850 walikuwa karibu 30,000, na mwaka 1860 walizidi 110,000. Mahali penyewe palikuwa tambarare pembeni ya Ziwa Michigan, futi chache tu juu ya usawa wa maji. Ardhi ni ya mfinyanzi, mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda, hayazami wala hayatiririki. Barabara zilikuwa tope la kumeza gurudumu la mkokoteni. Walijaribu kutandika mbao, mbao zikaoza na kuruka juu farasi wakipita. Vyoo na visima vilikaa uwanja mmoja.

Matokeo unayajua hata kabla sijayaandika. Kipindupindu. Kilipiga mwaka 1849, kikarudi miaka iliyofuata, na mwaka 1854 peke yake kiliua watu zaidi ya elfu moja katika mji ambao haukuwa umefika hata watu laki moja. Wakubwa wa mji wakakubali kwamba bila mabomba ya majitaka hakuna mji tena.

Mwaka 1855 ikaundwa bodi ya majitaka, nayo ikamleta mhandisi kutoka Boston aitwaye Ellis Chesbrough. Bwana huyu akakutana na tatizo ambalo fundi bomba yeyote wa Dar analijua. Maji machafu hayapandi mlima. Bomba lazima lilale kwa mteremko ili maji yaende yenyewe, na Chicago haikuwa na mteremko. Ukichimba chini ili uupate, unakutana na maji ya ardhini na unajikuta uko chini ya mto unaotaka kumwaga humo.

Chesbrough akaligeuza tatizo. Kama bomba haliwezi kushuka, basi mji upande. Mabomba yakalazwa katikati ya barabara, karibu na uso wa ardhi au juu yake, kwa mteremko kuelekea mtoni. Kisha yakafunikwa kwa udongo, na juu ya udongo ikajengwa barabara mpya. Sehemu nyingine barabara ilipanda futi chache, sehemu nyingine ikakaribia futi kumi, yaani mita tatu.

Sasa fikiria wewe ni mwenye duka. Jana mteja alikuwa anaingia mlangoni kwako kutoka barabarani. Leo barabara iko usawa wa dirisha la juu, na duka lako la ghorofa ya chini limekuwa shimo. Hujahama na wala hujajenga vibaya. Ardhi ndiyo imekupita.

Nyumba za mbao zilikuwa na nafuu. Zilinyanyuliwa, na nyingine zikawekwa juu ya magogo ya kuviringika na kuvutwa na farasi hadi kiwanja kingine. Mgeni mmoja kutoka Scotland, David Macrae, aliyetembelea Marekani miaka ya 1860, aliandika kwamba hakukaa Chicago siku hata moja bila kupishana na nyumba iliyo safarini, na siku moja alikutana nazo tisa.

Majengo ya matofali yalikuwa kazi nyingine. Tofali halipindi. Ukiinua kona moja inchi mbili na nyingine ukaiacha, ukuta unapasuka kuanzia chini mpaka paa. Mwezi wa Januari 1858 walijaribu kwa mara ya kwanza, kwenye jengo la ghorofa nne lenye uzito wa tani 750 kwenye kona ya mitaa ya Randolph na Dearborn. Walitumia jeki 200, wakalipandisha futi sita na inchi mbili, likabaki zima. Kabla mwaka haujaisha majengo zaidi ya hamsini ya matofali yalikuwa yameinuliwa.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Wanatoboa matundu kwenye msingi, wanapitisha magogo mazito chini ya kuta. Chini ya magogo wanapanga jeki za skrubu, zile zinazozungushwa kwa mkono, mamia kwa mamia. Kila kibarua anapewa jeki zake kadhaa. Filimbi ikilia, kila mmoja anazungusha kila jeki yake robo mzunguko, basi, anasimama. Filimbi tena, robo tena. Jengo linapanda taratibu kiasi kwamba aliye ndani hasikii kitu. Likifika usawa unaotakiwa, waashi wanaingia chini na kujenga msingi mpya wa matofali, kisha jeki zinatolewa.

Mwaka 1860 wakaenda mbali zaidi. Upande mmoja wa mtaa wa Lake, kati ya mitaa ya Clark na LaSalle, safu nzima ya maduka na ofisi yenye urefu wa futi 320 iliinuliwa kwa mkupuo mmoja. Jeki 6,000, vibarua 600, siku tano, futi nne na inchi nane. Uzito ulikadiriwa kuwa tani 35,000. Biashara haikufungwa. Wateja waliingia na kutoka, na watu walikuja kutazama chini ya majengo kama vile wanaangalia sarakasi. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya hoteli ya Tremont House, jengo la matofali la ghorofa sita, nayo ikapandishwa futi sita huku wageni wakiendelea kulala na kula humo.

Mmoja wa wakandarasi wa kazi hizo alikuwa kijana aitwaye George Pullman. Baadaye alitajirika kwa mabehewa ya kulala ya treni, na mwaka 1894 wafanyakazi wake wakafanya mgomo uliotikisa reli za Marekani nzima. Jina lake limebaki kwenye historia. Ya wale waliozungusha jeki hutayakuta kwenye hizo habari, ingawa kama mmoja wao angezungusha nusu badala ya robo tungekuwa tunasimulia habari ya maafa.

Hapo ndipo makala nyingi kuhusu Chicago zinapoishia, kwa makofi. Mimi nataka kuendelea kidogo, kwa sababu kuna swali ambalo tunafundishwa chumba cha habari kuliuliza kabla ya yote: nani alilipa?

Barabara na mabomba ulikuwa mzigo wa mji. Jengo lako ni mzigo wako. Mwenye hoteli ya ghorofa sita alikodi mkandarasi. Mwenye kijumba cha mbao alisubiri. Kwa hiyo kwa miaka mingi njia za waenda kwa miguu Chicago zilikuwa ngazi za kupanda na kushuka. Unatembea mbele ya jengo lililoinuliwa, halafu unashuka ngazi mbele ya jirani ambaye hakuwa na hela, halafu unapanda tena. Kipato cha mtu kilikuwa kinapimika kwa futi.

Ushahidi bado upo mpaka leo. Ukifika mtaa wa Pilsen, uliojengwa na wahamiaji kutoka Bohemia na baadaye ukawa wa Wameksiko, utaona nyumba ambazo ua wake uko chini ya barabara kwa futi kadhaa. Mji ulipopandisha barabara hapo haukujaza udongo kwenye viwanja vya watu. Ulijenga kuta mbili za kuzuia udongo, ukajaza katikati, na njia ya miguu ikatandikwa juu ya uwazi uliobaki kati ya ukuta na nyumba. Wenye nyumba wakaunganisha vidaraja vya kuingilia ghorofa ya pili. Ghorofa ya kwanza ikawa chumba cha chini bila ya mtu yeyote kuchimba. Na chumba cha chini, chenye mwanga hafifu na unyevu ukutani, ndicho kinachopangishwa kwa bei nafuu.

Zile njia za miguu zenye uwazi chini yake zimeendelea kuwa kichwa kinachouma. Maji ya mvua na ya theluji, pamoja na chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu, yanapenya kwenye nyufa za zege, yanakula vyuma, na sehemu nyingine zege limeinama au kuanguka. Uamuzi wa karne ya 19 unatengenezewa ankara katika karne ya 21.

Kuna deni jingine. Mabomba ya Chesbrough yalibeba majitaka na maji ya mvua pamoja, katika bomba moja. Kwa wakati ule ilikuwa akili nzuri, mvua inasafisha bomba bure. Lakini mji ulipokua na kila kiwanja kikafunikwa kwa zege na lami, mvua kubwa ikawa inajaza bomba lote. Bomba likijaa, maji yanatafuta tundu lililo chini kuliko yote, na tundu hilo ni la sakafu ya chumba cha chini cha nyumba ya mtu. Maji hayapiti ukutani kwako, yanapanda kutoka bombani, tena yakiwa na kila kitu ambacho jirani zako wamekishusha chooni. Kuanzia mwaka 1975 wamekuwa wakichimba mahandaki makubwa chini ya mji, mengine yakiwa na kina cha karibu mita 90, ili mvua ipate pa kusubiri. Mahandaki yenyewe, kama kilomita 175, yalikamilika mwaka 2006, mabwawa yake bado yanapanuliwa. Pamoja na hayo, mvua za Julai 2023 zilijaza vyumba vya chini vya watu upande wa magharibi wa mji.

Wengine walichukua njia tofauti. Mji wa Galveston, kwenye kisiwa cha mchanga pwani ya Texas, ulipigwa na kimbunga tarehe 8 Septemba 1900. Waliokufa hawapungui 6,000, na hakuna janga la asili lililoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani. Walionusurika wakajenga ukuta wa zege wenye kimo cha futi 17 kukabili bahari. Lakini ukuta peke yake hautoshi, maana maji yakiruka yanabaki ndani kama supu kwenye bakuli. Kwa hiyo wakaamua kuinua ardhi yenyewe nyuma ya ukuta.

Zaidi ya majengo 2,000 yalipandishwa juu ya jeki na nguzo. Kisha meli za kuchimbua mchanga zikawa zinapita kwenye mfereji uliochimbwa katikati ya mji, zikisukuma kwa mabomba uji wa mchanga na maji mpaka chini ya nyumba. Maji yakachuja, mchanga ukabaki. Kanisa la Mtakatifu Patrick, tani 3,000, lilipandishwa futi tano kwa jeki 700. Kazi ilimalizika mwaka 1911. Kwa miaka hiyo watu walitembea juu ya vidaraja vya mbao, na miti na bustani zao zilikufa kwa mchanga wa chumvi. Kimbunga kikubwa kilirudi mwaka 1915, na mji ukasimama.

Na hapa napo serikali ililipia mchanga, lakini kupandisha nyumba alilipa mwenyewe mwenye nyumba. Aliyeshindwa aliona sakafu ya chini ikifukiwa.

Uji ule wa Galveston ndio unanirudisha kwa mafundi niliowataja mwanzo. Miaka ya 1930, huko jimbo la Iowa, ilianza kutumika mashine ya kuinua zege la barabara lililozama. Unatoboa matundu kwenye bamba la zege, unasukuma uji wa udongo, maji na saruji kidogo kwa shinikizo, uji unajaza uwazi ulio chini na bamba linanyanyuka hadi usawa wake. Kisha unaziba matundu. Siku hizi wengi wanatumia povu la plastiki linalovimba na kukauka kwa dakika chache, jepesi kuliko uji wa udongo, na matundu yake ni madogo kuliko kidole. Lakini wazo ni lile lile la Galveston, limepunguzwa likaingia kwenye lori moja.

Nimesoma sana maelezo ya kazi hii kipindi hiki, na kitu kimoja kimenishangaza. Fundi mzuri hashughulikii zege kwanza. Anauliza maji yanatoka wapi. Zege lenyewe halina ubaya, linazama kwa sababu kilicho chini yake kimeondoka. Ama kifusi hakikushindiliwa, ama udongo wa mfinyanzi umekauka na kusinyaa, ama maji ya paa yanamwagika pembeni ya msingi na kuhamisha udongo kidogo kidogo kila mvua. Ukiinua bamba ukaacha maji yaendelee, utaliinua tena.

Kwa vyumba vya chini ni vile vile. Kupaka ukuta dawa ya kuzuia maji kwa ndani ndiyo njia rahisi, na ndiyo inayochoka mapema, kwa sababu maji yaliyojaa udongoni yanasukuma ukuta usiku na mchana. Utaratibu ni kuanza nje na juu. Weka mabomba ya kupokea maji ya paa na uyapeleke mbali na nyumba. Teremsha ardhi kutoka ukutani kwenda nje. Chini pembeni ya msingi laza bomba lenye matundu ndani ya kokoto ili maji yapate njia kabla hayajapata ukuta. Wamarekani mtaro huo wanauita kwa jina linalofanana na la Ufaransa, lakini hauhusiani na Wafaransa kabisa. Ni Henry French, mwanasheria na mkulima wa Massachusetts, aliyeandika kitabu kuhusu kukausha mashamba mwaka 1859. Upake lami ukuta kwa nje. Yanayobaki yakusanye kwenye kishimo sakafuni na yasukumwe na pampu. Kwenye uvungu, tandika nailoni nzito juu ya udongo, maana udongo nao unatoa mvuke, na mvuke unaozesha mbao za sakafu polepole bila hata tone moja kuonekana.

Sasa mtu ataniambia, wewe kijana, Bongo hatuna theluji wala vyumba vya chini, ya nini yote haya?

Pita mitaa yetu ya mabondeni ndugu yangu. Utaona nyumba ambayo zamani ilikuwa na ngazi mbili za kupanda, leo ina ngazi mbili za kushuka. Barabara imetengenezwa, ikamwagwa kifusi, ikawekwa lami, ikaja kutengenezwa tena na kupanda tena. Kisha jirani mwenye uwezo akamwaga malori kumi ya kifusi kwenye kiwanja chake kabla ya kujenga. Yule mzee wa nyumba ya zamani amejenga kizingiti cha matofali mlangoni, kimo cha goti, na kila masika anaruka kuingia kwake mwenyewe. Chumba cha chini anacho. Hakukichimba, amejengewa na majirani na barabara, kama wale wa Pilsen.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya arobaini Dar es Salaam, na waliotolewa mabondeni walipelekwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi. Hizo ni fedha nyingi na kazi ni kubwa, nami siipingi. Chesbrough alikuwa sahihi, mji usingepona bila yeye. Wahandisi wa Galveston walikuwa sahihi.

Ninachotaka wanaochora ramani wakumbuke ni ile ngazi ya Chicago, ya kupanda mbele ya tajiri na kushuka mbele ya maskini. Ukipandisha ardhi mahali pamoja hujaondoa maji, umeyahamisha. Yanakwenda kwa aliyebaki chini, naye amebaki chini kwa sababu hakuwa na hela ya kupanda. Kwa hiyo kwenye kila mradi wa barabara au wa kujaza kifusi, kuna mstari mmoja ninaoutafuta kwenye makaratasi ya bajeti, na mara nyingi siuoni. Ni ule unaosema nyumba zitakazobaki chini ya usawa mpya ni ngapi, na jeki zake atalipa nani.

Wewe mtaa wenu umebaki chini kwa futi ngapi?